Tuhuma Iliyokaa Kwapani

Mahali nilipozaliwa pana jina la maana mbili, kwa kuwa mzinga katika lugha yetu ni gogo lililokombwa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki watie asali, na mzinga vilevile ni silaha kubwa ingurumayo vitani. Na mgeni apitaye leo njia itokayo Morogoro mjini kwenda Mzumbe, akisikia habari za kiwanda cha jeshi chenye jina hilo, hushika maana ya pili, ilhali sisi tuliokulia chini ya milima ya Uluguru, tukachota maji ya mto Mzinga kabla mto huo haujafungiwa pamoja na wenzake katika bwawa la Mindu, hushika maana ya kwanza. Nyumba ya bibi mzaa mama ilikuwa upande wa juu, penye migomba na miembe, na ndani ya nyumba ile ndimo nilimoona kwa mara ya kwanza maradhi ambayo nimetumia sehemu kubwa ya uzee wangu kuyatafutia tarikhi.

Mama mdogo wangu, aliyezaliwa tumbo moja na mama yangu, alikuwa mwanamke wa miaka ishirini, ameolewa na hajazaa, mwaka 1971, kwapa lake la kulia lilipoanza kutoa majipu. Hayakuwa majipu ya kawaida, yanayoiva, yakatumbuka, yakapona na kusahauliwa. Yalianza kama punje ya hindi iliyozikwa chini ya ngozi, ngumu, yenye kuuma, isiyokuwa na mdomo. Yakakaa siku nyingi bila kuiva. Yakapasuka usiku yakalowesha nguo kwa usaha wenye harufu. Na kabla kidonda hakijafunga, punje nyingine ikaota kando yake, na nyingine katika kwapa la kushoto, na baadaye, kwa aibu ambayo hakumwambia mtu ila dada yake, nyingine katika kinena. Baada ya miaka michache makwapa yake yalikuwa yamefanya makovu kama kamba zilizosokotwa, na chini ya makovu yale palikuwa na njia za siri, hata ukibonyeza hapa usaha ukatokea pale, kama asali itokavyo katika sega lililobinywa. Alijifunza kukaa mikono imebana ubavuni mithili ya kuku aliyenyeshewa, na katika harusi na matanga alichagua ncha ya mkeka iliyo karibu na mlango, ili upepo uchukue harufu nje.

Watu walisema haogi. Wengine walisema anaoga lakini hatii ndimu kwapani. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema amerogwa na mke mwenza wa kutarajiwa. Na mume wake, baada ya kuvumilia misimu mitatu ya mavuno, alimrudisha kwao. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake. Basi mwaka 1974 mjomba wa mama mdogo alikaa chini ya mwembe na wazee wa ukoo, akaisikiliza kesi, akahukumu kwamba mume hana kosa, na kwamba mwanamke aoge asubuhi na jioni, ale katika sahani yake peke yake, na aache kuwatia watu aibu. Hakuhukumu kwa ukatili. Alihukumu kwa mujibu wa elimu aliyokuwa nayo, na elimu ile, kama nilivyokuja kujua baadaye, ilikuwa ndiyo ileile ya matabibu wakubwa wa Paris, ambao nao kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja waliyatazama maradhi haya na kuona jasho.

Ngozi ya binadamu imetobolewa vijishimo visivyohesabika, na katika kila kijishimo umesimama unywele, uwe unywele mnene wa kichwani au laika jembamba la mkononi lisiloonekana ila juani. Kijishimo hicho ndicho kinyweleo. Si tundu tupu, kwa maana kina kuta zake, kina tezi ya mafuta iulainishayo unywele, na katika kwapa na kinena kina tezi nyingine ya jasho zito imwagayo ndani yake. Kuta zake hubanduka ngozi kavu kila siku, na ngozi hiyo hutoka nje pamoja na mafuta bila mwenyewe kujua. Ikitokea kwamba mdomo wa kinyweleo umezibwa na ngozi hiyo, kilichomo hujikusanya, kinyweleo huvimba kama kibofu, kisha hupasuka, si kwa nje bali kwa ndani, kikamwaga unywele na mafuta na taka zake katika nyama, mahali ambapo vitu hivyo ni vigeni. Na askari wa mwili, wakidhani adui ameingia, huviendea kwa ukali uleule wanaouendea mwiba. Usaha ni mazao ya vita hivyo, na njia za siri zinazobaki chini ya makovu ni mahandaki yake. Hakuna katika mwenendo huo wote jambo ambalo sabuni ingelizuia, kwa sababu kizibo kimo ndani ya mlango, si juu yake.

Maradhi ya vinyweleo ni ukoo mkubwa, na wengi katika ukoo huo huonekana kwa nadra. Yako yale ya kwapani na kinenani niliyoyaeleza. Yako yanayokula utosi wa kichwa kwa usaha hata nywele zikaota kwa mafungu kama mabua katika shamba lililoliwa na ng'ombe, na baadaye zisiote kabisa. Yako ya kisogoni, ya vinundu vigumu viotavyo mahali pa kunyolea. Na yako ya watoto, ambayo sisi huyaita mapunye, ambayo mara chache hughadhibika, kichwa kikavimba tutusi laini lenye matundu mengi yatoayo usaha. Uvimbe huu wa mwisho aliuandika Mrumi aitwaye Celsus katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, na matabibu wanauita hata leo kwa neno la Kiyunani, kerioni, ambalo maana yake ni sega la asali. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikakaa kimya kwa muda, maana nilikumbuka kwapa la mama mdogo na jina la kijiji chetu.

Waarabu na Waajemi hawakupungukiwa na elimu hii. Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 1037, aliyapa maradhi ya kupukutika nywele nafasi katika kitabu cha nne cha Qanun yake, na moja ya maradhi hayo aliliita kama walivyoliita waliomtangulia, daa al-thaalab, yaani maradhi ya mbweha, kwa sababu mbweha hunyonyoka manyoya. Sababu aliyoitoa ilikuwa ni kuharibika kwa akhlati, yaani majimaji ya mwili, zifikapo katika mashina ya nywele. Akhlati zimekwisha kuachwa na elimu ya leo. Lakini ningependa msomaji aone kwamba mtu yule, kwa insafu yake, alitafuta kosa ndani ya mwili wa mgonjwa na si katika tabia yake, na kwamba katika jambo hilo moja alikuwa karibu zaidi na haki kuliko wengi waliokuja baada yake na darubini mikononi.

Huku kwetu bara, karne ya kumi na tisa ilipita na misafara yake. Burton na Speke walipitia Zungomero, upande wa kusini mashariki wa milima yetu, mwaka 1857. Stanley aliuona mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo, mwaka 1871. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walipanda hadi Morogoro katika miaka ya 1880. Na reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika mjini mwaka 1907. Wasafiri hao waliandika habari za ndui, kwa kuwa ndui iliacha maiti njiani na hakuna awezaye kuiruka maiti bila kuiona. Maradhi ya kwapa hayaui kwa haraka, na mwenye nayo huyafunika kwa nguo; seuze mgeni apitaye na wapagazi, hata jirani wa ukuta kwa ukuta hayaoni. Ndivyo ilivyokuwa kwa maradhi yote ya namna hii, kwamba tarikhi yake huandikwa kwingine huku wenyewe wakiugua hapa.

Kwingine huko palikuwa Ulaya, na mwaka ulikuwa 1839. Katika mwaka huo mmoja yalitokea mambo mawili ambayo yangestahili kusimuliwa daima pamoja. Huko Zürich, tabibu Johann Lukas Schönlein, akiwa ameathiriwa na habari za Agostino Bassi wa Italia, aliyekuwa ameonyesha miaka minne nyuma kwamba viwavi wa hariri huuawa na kuvu, alichukua magamba ya kichwa cha mgonjwa wa upele mbaya wa nywele, akayaweka chini ya darubini, akaona kuvu. Miaka michache baadaye David Gruby, Mhungaria aliyekaa Paris, aliliendeleza jambo hilo kwa mapunye ya namna nyingine. Hivyo mapunye yalipata sababu ya hakika kabla hata ya kifua kikuu kupata yake, na ingawa dawa ya kunywa iliyofaa, griseofulvini, ilichelewa hadi mwaka 1958 kujulikana kwa kazi hiyo, tangu siku ile ya Schönlein mtoto mwenye mapunye alikuwa na kitu cha kushitakiwa badala yake, nacho ni kuvu.

Katika mwaka huohuo Alfred Velpeau, mwana wa mhunzi aliyepanda kwa juhudi zake hadi kuwa profesa wa upasuaji Paris, aliandika katika kamusi ya tiba juu ya kwapa, na katika maelezo yake akataja majipu ya ngozi ya mahali hapo yenye tabia ya pekee. Aliyaona, akayaandika, akayaacha. Aliyeyachukua ni mpasuaji mwenzake kijana, Aristide Verneuil, ambaye mwaka 1854 alitazama mahali yanapotokea, yaani kwapani, kinenani, chini ya matiti na kwenye njia ya haja, akaona kwamba mahali hapo ni mahali pa jasho, akakata shauri kwamba tezi za jasho ndizo zilizougua. Alifikiri kama alivyofikiri mjomba yule chini ya mwembe: panapotoka jasho pamevimba, basi jasho ndilo lililokosa. Kutokana na shauri lile maradhi yakapewa jina la kitabibu ambalo maana yake ni uvimbe wa tezi ya jasho utoao usaha, na jina hilo, kwa kuwa majina hudumu kuliko hoja zilizoyazaa, yanalo hata sasa.

Nimelikalia sana jambo hili kwa sababu madhara yake hayakuwa ya vitabuni. Maadamu maradhi yalikuwa ya jasho, tiba ilikuwa ya jasho: wagonjwa walikatazwa kunyoa, walikatazwa manukato, waliambiwa waoge, walikaripiwa, na kila walipoyafanya hayo yote na maradhi yakarudi, tabibu alikuwa na njia fupi ya kutokea, nayo ni kudhani kwamba hawakuyafanya. Mwaka 1922 Mjerumani Schiefferdecker alizigawa tezi za jasho katika namna mbili, ile ya jasho jepesi la mwili mzima na ile ya jasho zito la kwapani, na maradhi yakakabidhiwa kwa tezi ya pili kana kwamba kesi imekwisha. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Shelley na Cahn, walichukua wanaume kumi na wawili, wakawang'oa nywele za kwapa na kuwabandika utepe uliotiwa dawa, na watatu kati yao wakatoka vinundu vinavyofanana na maradhi; wakasema, tazameni, tezi imeziba. Lakini kilichokuwa kimezibwa na kuumizwa kwanza ni kinyweleo, ambacho tezi ile humwaga ndani yake. Jibu lilikuwa mbele ya macho yao, wakalivuka.

Waliolishika ni wachache na walisikilizwa polepole. Katika mwaka 1975 Plewig na Kligman waliyaweka maradhi ya kwapani katika jamaa moja na chunusi kali na usaha wa utosini, kwa hoja kwamba yote huanza na kuziba kwa kinyweleo. Na hatimaye mwaka 1990 Waingereza Yu na Cook walichunguza vipande vya ngozi ya kwapa vilivyokatwa kwa wagonjwa, wakaonyesha kwamba ugonjwa umo katika kuta za kinyweleo na kwamba tezi ya jasho, pale ilipoguswa, iliguswa kama nyumba ya jirani iguswavyo na moto usio wake. Kutoka Verneuil hadi hapo ni miaka mia moja thelathini na sita. Mwaka 2010 watafiti wa China walipata katika jamaa zenye maradhi haya hitilafu ya kurithi, wakaongeza ithibati kwamba kwa baadhi ya watu mlango wa kinyweleo uliumbwa na udhaifu wake tangu tumboni. Uvutaji wa tumbaku na unene wa mwili huyachochea. Hayaambukizi.

Turudi Tanganyika. Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza, walikuta maradhi matatu ya ngozi yaliyowashughulisha watawala, nayo ni ndui, ukoma na buba. Na katika miaka ya 1920 serikali za wenyeji zilianza kuajiri madresa, vijana waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa, waliokuwa kwa watu wengi wa vijijini tabibu wa kwanza wa Kizungu waliyepata kumwona, ingawa ngozi zao zilikuwa nyeusi kama za wagonjwa wao. Sindano ya buba ndiyo iliyojenga heshima ya hospitali katika nchi hii. Mtu aliyekuja na vidonda mwili mzima alichomwa, na kwa majuma machache alirudi shambani. Na baada ya vita vya pili ilipokuja penisilini, ambayo sindano moja ilitosha, buba ikafukuzwa hata watoto wa leo hawaijui sura yake. Watu wakapata imani kwamba kila kinachotoka katika ngozi husikia sindano.

Imani hiyo ilikuwa neema kwa wengi, na kwa wenye maradhi ya vinyweleo ikawa tuhuma ya pili. Mama mdogo alichomwa sindano za penisilini nyingi kuliko awezavyo kuzihesabu. Usaha ulikauka, akapumzika mwezi, ukarudi. Buba imesikia, kaswende imesikia, wewe tu husikii; basi kosa si la dawa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limefuatwa na juhudi kubwa ya kusogeza zahanati vijijini, jambo ambalo nalishukuru na nitalishukuru hadi kufa, lakini zahanati ilikuwa na dawa ya malaria, ya minyoo, ya kuhara na ya kidonda, na mtumishi wake alikuwa amefundishwa yale yauayo watoto, kwa haki kabisa. Maradhi ya watu wachache, yasiyoua, yaliyofichwa ndani ya nguo, hayakuwa na mahali pa kuandikwa katika daftari lake ila katika safu ya majipu.

Mwaka 1986 palitokea jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Katika hospitali moja aliambiwa ana kifua kikuu cha ngozi, akaingizwa katika dawa za mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, mpango ulioanzishwa mwaka 1977 na ambao kwa mwongozo wa Karel Styblo ulikuwa mfano kwa dunia. Miezi miwili ya kwanza alikunywa dawa iliyoufanya mkojo wake mwekundu kama maji ya rosela, na katika miezi ile miwili makwapa yake yakapoa kuliko yalivyopata kupoa. Bibi alichinja kuku. Kisha dawa nyekundu ikaondolewa, kama utaratibu ulivyotaka, zikabaki nyingine, na majipu yakarejea. Dawa ile nyekundu ni rifampisini. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2006, Waingereza Mendonça na Griffiths walitoa habari za wagonjwa wa maradhi haya waliopata nafuu kwa rifampisini ikichanganywa na klindamisini, na mchanganyiko huo ukawa moja ya tiba zinazotumika. Mama mdogo alikuwa amepewa nusu ya tiba yake kwa jina la maradhi mengine, akaipoteza kwa jina hilohilo.

Nisiwasahau jamaa wengine wa ukoo huu, maana nao wamebeba tuhuma zao. Vinundu vya kisogoni viliandikwa Vienna na Hebra na Kaposi katika miaka ya 1860, na Bazin wa Paris akavipa mwaka 1872 jina linaloviita chunusi, ingawa si chunusi. Huwapata hasa wanaume wenye nywele za kipilipili, na kwa muda mrefu walilaumiwa wao na vinyozi wao kwa wembe mchafu. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town wamechunguza jambo hili kwa adabu, wakaonyesha uhusiano wa vinundu hivi na kunyolewa kwa karibu mno hata damu ikatoka, jambo ambalo ni la kutazamwa kwa sababu nyingine pia, kwa kuwa damu ya kichwa kimoja haifai kufika kichwa cha pili. Na wanawake waliopoteza nywele za utosi kidogo kidogo, duara likipanuka kutoka katikati, waliambiwa mwaka 1968 na madaktari wa Marekani kwamba kosa ni kitana cha moto walichonyooshea nywele. Jina la maradhi likatungwa kwa kitana hicho. Wako wanawake waliougua ambao hawakupata kukishika kitana hicho maishani mwao. Mwaka 2019 ikadhihirika kwamba karibu robo ya wagonjwa waliochunguzwa walikuwa na hitilafu katika kijenzi kimoja cha urithi kinachohusika na kuujenga unywele. Kunyoosha kwa moto na kusuka kwa kuvuta kwaweza kuongeza madhara, lakini kuongeza si kuanzisha, na mtu hapaswi kuhukumiwa kwa alichorithi.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ngozi ilikuwa moja ya mahali pa kwanza palipozungumza: vipele vya kuwasha, uvimbe wa vinyweleo usiotokana na kuziba bali na kudhoofika kwa kinga. Tangu hapo kila mwenye vipele alitazamwa mara mbili. Mama mdogo, aliyekuwa ameishi peke yake miaka mingi kama mtawa, alisikia jina hilo likinong'onwa kisimani. Nilikuwepo. Aliweka ndoo chini, akangoja wanawake wale wamalize kuteka, ndipo naye akateka.

Mabadiliko yalianzia Moshi. Katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Kilimanjaro, jumuiya za madaktari wa ngozi wa ulimwengu, ambamo Profesa Terence Ryan wa Oxford alikuwa mtu wa mbele, zilishirikiana na serikali yetu kuanzisha mwaka 1992 chuo cha kanda cha kufundisha maradhi ya ngozi, na mkuu wake wa kwanza akawa Mjerumani, Profesa Henning Grossmann. Busara ya chuo kile ilikuwa katika kuchagua wanafunzi. Badala ya kungoja kila nchi ipate madaktari bingwa, ambao katika Afrika walikuwa wakihesabika kwa vidole na wote wakikaa katika miji mikuu, walichukuliwa matabibu wa kawaida kutoka nchi nyingi za bara hili, watu waliokwisha kufanya kazi wilayani, wakafundishwa ngozi kwa miaka miwili, wakarudishwa walikotoka. Dakta Barbara Leppard, Mwingereza aliyefundisha huko, alitoa mwaka 2002 kitabu cha picha za maradhi ya ngozi ya Kiafrika. Na thamani ya kitabu hicho itafahamika na yeyote aliyewahi kutafuta ugonjwa wa mtu mweusi katika vitabu vilivyojaa picha za ngozi nyeupe, ambamo wekundu unaotajwa kuwa ndiyo alama kwetu huonekana kama zambarau au kijivu, au hauonekani kabisa.

Siku hizi zipo dawa ambazo wakati ule hazikuwapo. Adalimumabu, sindano inayowatuliza wale askari wa mwili, iliruhusiwa kwa maradhi haya mwaka 2015 Marekani na Ulaya, na bei yake ni ya mbali kwa mkulima wa Mzinga. Wapasuaji huyafunua mahandaki na kuyaacha yapone kutoka chini. Na mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Ulimwenguni ulipitisha azimio la kuyahesabu maradhi ya ngozi katika mambo ya kutangulizwa. Lakini mama mdogo hakupata lolote katika hayo. Alichopata kilikuja mwaka 1996, katika chumba chenye meza moja na dirisha la wavu, kutoka kwa kijana aliyekuwa amerudi kutoka Moshi.

Tulimsindikiza mimi na mjomba, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutembelea fimbo na alikuja kwa sababu ukoo haupeleki mwanamke hospitali bila mwanamume mkubwa. Mjomba alibaki nje kwenye benchi. Yule kijana alimwamkia mama mdogo shikamoo, akanawa mikono, akamwomba ruhusa ya kuinua mkono wake, na alipouinua hakugeuza uso. Alimwuliza mambo matatu: yanatokea mahali gani, yanarudi mara ngapi, yalianza lini. Akabonyeza kovu moja kwa kidole taratibu, akaona usaha unatokea penginepo, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na uso anaoufahamu. Kisha akasema, "Mama, ugonjwa huu una jina. Hautokani na uchafu, hukurogwa, na humwambukizi mtu. Siwezi kukuahidi kwamba nitauondoa wote, lakini nitaupunguza."

Mama mdogo hakuuliza habari za dawa. Alivuta khanga yake begani, akasema, "Mwanangu, nje kwenye benchi yupo kaka wa mama yangu. Mwite, umwambie yeye hayo uliyoniambia, kwa maneno hayohayo."

Mjomba aliingia, akakaa, akasikiliza hadi mwisho, mikono yake miwili juu ya fimbo. Akauliza, "Hata kwa kula sahani moja?"

"Hata kwa kula sahani moja, babu."

Alinyamaza muda mrefu, na nje mtoto alikuwa akilia kwa kuchomwa sindano. Kisha akasema kwamba kesi ile ya mwaka 1974 yeye ndiye aliyeihukumu, na kwamba aliihukumu vibaya, na kwa kuwa aliihukumu mbele ya ukoo hawezi kuifuta ndani ya chumba cha hospitali. Jumapili iliyofuata aliwaita watu chini ya mwembe uleule. Wengine katika wazee wa zamani walikuwa wamekwisha kufa, na mahali pao walikaa watoto wao. Mjomba alisimama akaisema kesi upya, tangu punje ya kwanza; na mama mdogo wakati wote huo alikuwa amekaa katikati ya mkeka, mikono yake ameinyoosha juu ya magoti, mbali na ubavu.